Dracula wawili: mmoja wa kigingi, mwingine wa jeneza

Katika riwaya yenyewe ya Bram Stoker, Dracula, yule vampaya mnyonya damu, hauawi kwa kigingi. Waliokesha na filamu zake zote hubisha nikisema hivyo, lakini ndivyo kitabu kinavyoisha. Jua linakaribia kuzama, kuna theluji, na mkokoteni uliobeba sanduku lake umezingirwa njiani kuelekea ngomeni. Sanduku linasukumwa chini, kifuniko kinabanduliwa kwa visu. Jonathan Harker anamkata koo kwa kukri, kile kisu kilichopinda cha Wagurkha, na Mmarekani Quincey Morris anamzamishia kisu cha uwindaji moyoni. Mwili unageuka vumbi papo hapo. Kigingi kimo kitabuni, ila wanaopigiliwa ni wengine, kama Lucy, msichana aliyenyonywa damu mpaka akafa na kuanza kuwawinda watoto usiku. Bwana mkubwa mwenyewe kigingi hakimgusi.

Sasa mtazame mwenye jina, mtu wa kweli aliyeitwa Dracula. Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia (leo ni sehemu ya Romania) katika karne ya 15, hajulikani kwa kitu kingine chochote kabla ya vigingi. Waturuki walimwita Kazıklı, yaani “mwenye vigingi”. Waromania wanamwita Țepeș, maana ni ile ile. Aliwatunga watu kwenye miti iliyochongwa kama mtu anavyotunga mishikaki, tofauti ni kwamba nyama ya mshikaki imeshakufa.

Ingekuwa kweli kwamba Bram Stoker alimchukua Vlad akamwongezea meno, je, angekiacha kigingi? Mwandishi gani wa hadithi za kutisha anapewa zawadi kama hiyo anaiweka kando? Jibu langu ni kwamba hakukiacha, hakujua kama kipo. Stoker aliokota jina, mwenye jina hakumjua. Na huyo mwenye jina, kabla hajafikiwa na mwandishi wa riwaya, alikuwa ameshageuzwa zimwi mara moja, zaidi ya miaka 400 nyuma, na watu waliokuwa na sababu zao.

Tuanze na jina, maana ndiko uzi ulikokwama. Mwaka 1431 Sigismund, mfalme wa Hungaria, alimwingiza baba yake Vlad katika Shirika la Joka, chama cha makabaila wa Kikristo walioapa kupigana na maadui wa imani yao, na Waosmani wakiwemo. Baba akaanza kuitwa Dracul, “Joka”. Mwanawe akawa Dracula, na hiyo “a” ya mwisho inafanya kazi ile ile ya “bin” kwetu: bin Dracul. Hakuna tusi hapo. Vlad mwenyewe aliliandika jina hilo kwenye barua zake, na mtu hajiandiki tusi kwenye barua ya kiserikali. Lakini katika Kiromania neno drac lina maana nyingine iliyo karibu zaidi na midomo ya watu, nayo ni shetani. Kwa hiyo jina moja likawa na masikio mawili: ukiwa rafiki unasikia mwana wa Joka, ukiwa adui unasikia mwana wa Ibilisi.

Alizaliwa wakati huo huo, yapata 1431, na utoto wake haukuwa wa kasri na wali wa sherehe. Wallachia ilikuwa nchi ndogo ya Kikristo iliyobanwa kati ya Hungaria kaskazini na Dola ya Osmani kusini ya mto Danube, na mtawala wake aliishi kwa kuwapigia magoti wote wawili kwa zamu. Mwaka 1442 baba alilazimika kuwaweka wanawe wawili, Vlad na mdogo wake Radu, rehani kwa Sultani. Watoto ndio waliokuwa dhamana: baba akikorofisha, wao ndio watakaolipa. Mwaka 1447 baba aliuawa, na kaka yao mkubwa, Mircea, inasimuliwa alizikwa hai na watu wa mji mkuu wao wenyewe, Târgoviște. Radu akabaki kwa Waosmani na kuwa mtu wao. Vlad akarudi na kisasi.

Alitawala mara tatu. Ya kwanza, mwaka 1448, haikufika hata miezi mitatu. Ya pili ndiyo iliyomjenga jina, kuanzia 1456 hadi 1462. Ya tatu ilikuwa mwaka 1476, akafa vitani baada ya wiki chache tu, na kichwa chake kikapelekwa Konstantinopoli. Ukijumlisha yote, miaka saba haitimii. Mwinyi Dracula wa riwaya (sina cheo cha Kiswahili kinachomfaa kuliko mwinyi) ameishi karne nyingi na bado ana mipango ya kununua nyumba London.

Katika ile miaka sita ya katikati alifanya mawili yaliyomgharimu. Aligombana na wafanyabiashara, kisha akagombana na Sultani. Ningeambiwa nichague lipi lilimwangamiza, ningesema la kwanza.

Wafanyabiashara hao walikuwa Wasaksoni, Wajerumani waliohamia Transylvania, ng'ambo ya milima kaskazini ya Wallachia, karne kadhaa kabla na kujenga miji tajiri kama Brașov na Sibiu. Biashara ya Wallachia ilipitia mikononi mwao. Vlad akawabana: bidhaa ziuzwe kwenye miji aliyoichagua yeye, ili watu wake nao wapate faida. Zaidi ya hapo, miji hiyo ilikuwa inawahifadhi ndugu na mahasimu waliokitamani kiti chake. Akavuka milima na jeshi, akachoma vijiji na vitongoji, akawatunga wafanyabiashara vigingini. Adhabu hiyo hakuibuni yeye, ilikuwa ikijulikana kwa Waosmani na kwa wengine pia. Alichokifanya ni kuigeuza alama yake, kama muhuri.

Kosa lake ni kwamba aliwatendea hivyo watu wanaozungumza Kijerumani, na wakati gani! Ni miaka michache tu tangu Gutenberg aanze kupiga chapa Biblia mjini Mainz. Kwa mara ya kwanza Ulaya ilikuwa na chombo cha kuieneza habari moja, kwa maneno yale yale, kwa maelfu ya watu wasiojuana. Mtawala aliyeua wakulima wasiojua kusoma angesahaulika. Yeye aliua ndugu za watu wenye mitambo ya chapa.

Lakini kabla mitambo haijaanza kazi palikuwa na mkono wa mwingine. Mwaka 1462 Matthias Corvinus, mfalme wa Hungaria, alikuwa amepokea fedha kutoka kwa Papa ili aende vitani dhidi ya Waosmani. Vita hakwenda. Badala yake alimkamata Vlad, mtu pekee aliyekuwa anapigana kweli, akamweka kizuizini kwa miaka kama 12. Ilibidi kitolewe kisingizio. Zikajitokeza barua zilizodai kwamba Vlad alikuwa anafanya njama na Sultani, barua ambazo wanahistoria wengi wanaziona za kughushi, na mwaka uliofuata hadithi za ukatili wake zikaanza kuzagaa kwa Kijerumani. Malenga mmoja wa makasri, Michael Beheim, akaimba utenzi mrefu juu yake. Kisha wapiga chapa wakaingia kazini, na kuanzia 1488 vijitabu kuhusu Dracula vilichapwa Nuremberg na miji mingine zaidi ya mara 10. Kwa wakati ule hiyo ni biashara iliyochangamka.

Toleo maarufu kuliko yote ni la Strasbourg, mwaka 1500, kwa sababu ya picha yake ya kuchongwa kwenye ubao. Vlad ameketi mezani peke yake, amevaa kofia yake, anakula. Mbele ya meza mtu mwenye shoka anakatakata miili, vichwa na mikono vimezagaa chini. Pembeni miti imesimama imejaa watu waliotungwa, wengine wamelala kifudifudi kwenye ncha kama nguo zilizoanikwa. Anayekula hatazami pembeni. Itazame hiyo picha kisha uniambie kama hujamwona Dracula wa filamu, karne nne kabla ya filamu. Kitu kimoja tu hakimo: hanyonyi damu. Ana chakula chake.

Usije ukadhani namtetea. Upo ushahidi usiotoka kwa maadui zake, na mbaya zaidi unatoka kwake mwenyewe. Februari 1462, baada ya kuvuka Danube iliyoganda na kuvichoma vituo vya Waosmani kando ya mto, alimwandikia Matthias barua ya majigambo. Alihesabu waliouawa, mahali kwa mahali, zaidi ya 23,800, akaongeza kwamba hesabu hiyo haiwaingizi walioungulia ndani ya nyumba zao wala wale ambao vichwa vyao havikuletwa kwa maofisa wake. Soma tena kipande hicho cha mwisho. Ni mtu aliyeweka makarani wa kuhesabu vichwa, kisha anaomba radhi kwamba hesabu imepungua.

Ndipo Sultani Mehmed wa Pili, Fatih yule yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, alipokuja mwenyewe na jeshi kubwa. Vlad hakuwa na uwezo wa kumkabili uwanjani. Akachoma mazao, akaharibu visima, na usiku wa tarehe 17 Juni 1462 akaivamia kambi ya Waosmani akiitafuta hema ya Sultani. Aliikosa. Jeshi likasonga mbele mpaka karibu na Târgoviște, na hapo likakuta kile ambacho Chalkokondyles, mwanahistoria wa Kigiriki wa wakati ule, anakieleza: uwanja mpana wa vigingi, na juu yake watu kama 20,000, wanaume, wanawake na watoto. Anasema Sultani alipigwa na butwaa, akakiri kwamba si rahisi kumnyang'anya nchi mtu anayetenda makubwa namna hiyo. Idadi inaweza kuwa imetiwa chumvi, sifuri haina gharama kwa mwandishi wa zamani. Hata hivyo Mehmed aliishinda nchi hiyo bila kumshinda Vlad: alimwachia Radu, yule mdogo aliyebaki rehani, na makabaila wa Wallachia wakamfuata Radu kwa sababu walikuwa wamechoka.

Kuna toleo la tatu la mtu huyu, la Waslavi, lililoandikwa miaka ya 1480, na hilo ndilo linalonipendeza. Matukio mengi ni yale yale ya vijitabu vya Kijerumani, hukumu ndiyo tofauti. Wajumbe wa Sultani wanakataa kuvua vilemba mbele yake kwa kuwa ni desturi yao, naye anaamuru vilemba vipigiliwe misumari vichwani ili desturi ikae imara zaidi. Lakini humo humo kuna kikombe cha dhahabu kilichowekwa kisimani, kila mpita njia anywe, na kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kukiiba. Katili, naam, ila usiku unalala mlango wazi. Sisi tunaoishi huku Afrika tumewasikia wazee wakimsifia rais fulani wa zamani kwa maneno hayo hayo, kwa hiyo hadithi hii haihitaji mkalimani.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1500 tayari kuna Vlad watatu wa kwenye karatasi: zimwi la Wajerumani, mwenye vigingi wa Waturuki, na hakimu mkali wa Waslavi. Hakuna hata mmoja anayenyonya damu. Hata katika ngano za Waromania wenyewe, ambao wana mfu wao anayetoka kaburini, aitwaye strigoi, Vlad hatajwi kuwa mmoja wao.

Mnyonya damu alitoka kwingine kabisa. Mwaka 1725 katika kijiji cha Kisiljevo, Serbia, sehemu iliyokuwa chini ya utawala wa Austria, watu kadhaa walikufa kwa kufuatana upesi, na wanakijiji wakasema anayewaua ni Petar Blagojević, jirani yao aliyekuwa ameshazikwa. Ofisa wa Kiaustria alisimamia kaburi likafukuliwa. Mwili ulikuwa haujaoza walivyotarajia na palikuwa na damu mdomoni, jambo ambalo leo daktari yeyote atakwambia ni la kawaida kwa maiti. Wakampiga kigingi cha moyo, wakamchoma moto. Ofisa akaandika ripoti, ripoti ikachapwa magazetini, na neno vampaya likatembea Ulaya nzima. Hicho ndicho kigingi cha hadithi za vampaya: cha wakulima waliokuwa wanaogopa maradhi wasiyoyaelewa. Kile cha Vlad kilitoka ikulu. Vimefanana kwa umbo tu.

Msomaji wa pwani hapa atakuwa ameshamkumbuka mumiani. Ni sawa kumkumbuka, lakini si ukoo mmoja. Mumiani tuliyetishiwa naye utotoni ni mtu hai, ana gari, ana vifaa, anavizia watu usiku ili damu yao ikafanywe dawa, na nyuma yake kuna mtu anayemlipa. Yuko kazini. Vampaya wa Serbia ni jirani yako marehemu, hana bosi.

Turudi sasa kwa Stoker. Alizaliwa Dublin mwaka 1847, na maisha yake mengi alikuwa meneja wa jumba la maigizo la Lyceum jijini London, akimtumikia mwigizaji Henry Irving. Riwaya aliiandika pembeni ya kazi, na alichukua miaka. Maelezo yake ya maandalizi yamehifadhiwa hadi leo Philadelphia, Marekani, na ndiyo yanayomaliza ubishi wote huu. Mwanzoni mwa 1890 hadithi ilikuwa itokee Styria, Austria, na zimwi lake lilikuwa na jina la kivivu kabisa: Wampyr. Majira ya joto ya mwaka huo akaenda mapumzikoni Whitby, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Huko alisikia habari za Dmitry, meli ya Kirusi iliyokwama ufukweni mwaka 1885, ambayo kwenye riwaya ikawa Demeter, meli inayoingia bandarini na nahodha maiti aliyefungwa kwenye usukani. Na huko huko, maktabani, akafungua kitabu cha mwaka 1820 cha William Wilkinson, aliyekuwa konseli wa Uingereza mjini Bucharest.

Wilkinson anamtaja kwa mistari michache mtawala aitwaye Dracula aliyevuka Danube kuwapiga Waturuki. Kisha chini ya ukurasa ameweka tanbihi: kwa lugha ya Wallachia neno hilo maana yake ni shetani, na wenyeji humpa jina hilo mtu aliyejitokeza kwa ushujaa, ukatili au ujanja. Basi. Kitabuni humo hakuna kigingi wala picha ya Strasbourg. Stoker akanakili tanbihi ile, na kwenye karatasi zake unaona Wampyr limekatwa, Dracula limeandikwa mahali pake. Hakuna popote katika maelezo yake jina Vlad, wala neno moja kuhusu kutunga watu. Romania hakukanyaga maisha yake yote. Transylvania aliichukua kwenye vitabu, hasa makala ya Emily Gerard ya mwaka 1885 kuhusu imani za watu wa huko.

Riwaya ilitoka Mei 1897, na viraka vinaonekana ukijua pa kutazama. Mwinyi Dracula anajisifu kwamba yeye ni Mszekely, kabila la Transylvania lenye lugha ya Kihungaria, halafu papo hapo anadai ukoo wa yule voivode, yaani mtawala, wa Wallachia. Ni kama mtu ajitambulishe kuwa Mchaga kindakindaki kisha akudokeze kwamba babu yake alikuwa Mwinyi Mkuu wa Unguja. Wenyeji wangecheka. Wasomaji wa London hawakuwa na habari, na hadithi ilikuwa tamu mno kuanza kuulizana makabila. Hata jua, ambalo leo kila mtoto anajua linamuua vampaya, halimuui Dracula wa Stoker. Anatembea mchana London, nguvu zake tu ndizo zimepungua. Kufa kwa mwanga wa jua kulianzia kwenye filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, iliyoiba hadithi bila idhini mpaka mjane wa Stoker akaishtaki.

Nani basi aliyewaunganisha Dracula hawa wawili? Wapo waliodokeza mapema, lakini kishindo kilikuja mwaka 1972, pale Raymond McNally na Radu Florescu, wanahistoria wa Boston College, walipotoa kitabu kilichouzwa sana wakisema Dracula wa kweli amepatikana. Kuhusu Vlad mwenyewe walikuwa na mengi ya maana. Kuhusu Stoker walidhani alijua zaidi ya alivyojua, na maelezo yake ya Philadelphia yalipochunguzwa vizuri, Elizabeth Miller wa Kanada na wengine wakaonyesha pengo. Watengenezaji filamu hawakusubiri, na siku hizi ukifungua video yoyote ya dakika tatu kuhusu Dracula utaambiwa ni mtu yule yule.

Waromania waliishia njia panda. Kwao Vlad alikuwa shujaa: mshairi wao mkubwa Eminescu alimwita arudi kuwanyoosha mafisadi tangu mwaka 1881, kabla Stoker hajaandika neno la riwaya yake. Nicolae Ceaușescu, dikteta wa Kikomunisti, aliadhimisha kwa shamrashamra miaka 500 ya kifo chake mwaka 1976, na hatuhitaji kuuliza kwa nini dikteta alimpenda. Riwaya ya Stoker haikutoka kama kitabu kwa Kiromania mpaka 1990, utawala ule ulipokuwa umeanguka. Kisha watalii wakaja, na hawakuwa wanamuulizia shujaa.

Wanapelekwa Bran, ngome nzuri juu ya mwamba, yenye minara ya mapaa mekundu na maduka ya meno ya plastiki chini yake. Vlad hakuijenga wala hakuishi humo. Waliopewa ruhusa ya kuijenga, mwaka 1377, ni Wasaksoni wa Brașov, wale wale aliowatunga vigingini na ambao ndugu zao wakamlipa kwa wino. Ngome aliyoitumia kweli ni Poenari, kusini ya milima, gofu lililo juu ya bonde la mto Argeș. Kuifikia unapanda ngazi 1,480 katikati ya msitu wenye dubu, ndiyo maana mabasi hayaendi kwa wingi. Wanaofika juu wakihema wamekuwa wakilakiwa na masanamu mawili yaliyovalishwa nguo na kutungwa kwenye vigingi, yamewekwa hapo kwa ajili ya picha.